Kuandaa Kipindi cha Redio Kuhusu Neno Moja la Kiingereza: Mwongozo Kamili kwa Mfano wa "Porter"

Mjini Moshi neno porter halihitaji kutambulishwa. Utalisikia kwenye mageti ya kupandia Mlima Kilimanjaro, la Machame na la Marangu, kwenye ofisi za kampuni za utalii na kwenye vijiwe vya kahawa karibu na stendi. Watu wamekwisha kulifanya la Kiswahili: pota, mapota. Wanaofanya kazi hiyo wenyewe huitana wagumu. Lakini ukimuuliza hata aliyezeeka mlimani neno hilo lina maana ngapi na limetoka wapi, mara nyingi atakupa jibu moja tu: ni mtu anayebeba mizigo ya wageni.

Mwongozo huu ni wa yeyote anayetaka kulipeleka neno kama hilo kwa wasikilizaji, iwe kwenye redio ya jamii, kwenye sauti ya kutuma kundi la WhatsApp, au kwenye darasa la Kiingereza la jioni. Nitafuata neno hilohilo moja tangu mwanzo hadi mwisho, na utakapomaliza kusoma utakuwa na malighafi ya kipindi kizima mkononi.

Hatua ya kwanza: chagua neno lenye watu wake

Kosa kubwa la vipindi vya lugha ni kuchagua neno kwa sababu linapendeza kwenye kamusi. Msikilizaji hana kamusi. Yupo jikoni, kwenye daladala, au anasubiri abiria juu ya bodaboda pale Mbuyuni. Mpe neno ambalo ameshalitamka wiki hii. Arusha ungeweza kuchukua guide au lodge, na soko la Kilombero lingekupa wholesale. Kwa Moshi nimechagua porter kwa sababu maelfu ya familia za mkoa huu zinakula kwa kazi yenye jina hilo, na naona si haki mtu kuitwa jina maisha yake yote bila mtu yeyote kumweleza lilikotoka.

Jipime hivi kabla ya kuendelea: je, unaweza kutaja watu wa aina tatu hapa mjini wanaolitumia neno hilo kazini? Kama huwezi, tafuta neno jingine.

Hatua ya pili: kusanya matumizi kabla ya kufungua kamusi

Chukua daftari, andika kila mahali Mwingereza au Mmarekani anapolitumia neno hilo. Uliza waongoza watalii, walimu, ndugu waliokaa nje. Kwa porter utapata orodha inayoshangaza.

Mlimani ni mpagazi. Mzigo wa mgeni anaobeba haupaswi kuzidi kilo 20, na ndiyo maana mizani iko getini. Katika hoteli, uwanja wa ndege na stesheni ya treni ni yule anayekupokea begi. Katika hospitali za Uingereza, porter ni mfanyakazi anayewasukuma wagonjwa kwenye kitanda au kiti cha magurudumu kutoka wodini hadi chumba cha eksirei. Hadi hapo kuna uzi mmoja: kuna kitu au mtu anahamishwa.

Kisha uzi unakatika. Katika vyuo vya Oxford na Cambridge, porter habebi chochote. Anakaa kwenye kibanda cha mlangoni, anatunza funguo, anapokea barua na kujua nani ameingia na nani ametoka. Na kwenye baa ya London, porter ni bia nyeusi.

Usikimbilie kuunganisha. Andika tu, acha daftari lionyeshe kwamba kuna jambo halikai sawa. Huko kutokukaa sawa ndiko kutakakombakiza msikilizaji wako hadi mwisho.

Hatua ya tatu: soma kamusi kama inavyotaka kusomwa

Ukiwa na intaneti, Etymonline na Merriam-Webster zinatosha kwa kuanzia, na zote ni bure. Kama huna, tafuta kamusi kubwa ya Kiingereza yenye maelezo ya asili ya maneno kwenye maktaba au kwa mwalimu wa sekondari. Kamusi ndogo ya mwanafunzi haitakusaidia hapa.

Tazama kwanza tarakimu ndogo iliyopandishwa kando ya neno. Ukiona porter mara mbili, moja ikiwa na 1 na nyingine na 2, kamusi inakuambia kwamba hayo ni maneno mawili tofauti yaliyokuja kufanana. Watu wengi huruka kialama hicho, kisha wanapotea. Neno moja lenye maana nyingi huwekwa chini ya kichwa kimoja, na maneno mawili hutenganishwa.

Tazama pia alama ya nyota mbele ya mzizi wa kale. Maana yake ni kwamba hakuna maandishi yoyote yenye umbo hilo. Wataalamu wamelikisia kwa kulinganisha lugha zinazohusiana. Hewani ni lazima useme "inaaminika" kwa vitu vyenye nyota, na useme "imeandikwa" kwa vile visivyo nayo. Msikilizaji anastahili kujua anasimama juu ya nini.

Hatua ya nne: chora njia mbili, usizichanganye

Hapa ndipo moyo wa kipindi, na hapa utumie muda wako mwingi.

Njia ya kwanza ni ya mlango. Kilatini kilikuwa na neno porta, yaani lango. Kutoka hapo Kilatini cha baadaye kikapata portarius, mtu wa langoni, na Kifaransa cha kale kikasema portier. Wanormani, watu wa kaskazini mwa Ufaransa, walipoiteka Uingereza mwaka 1066 walikuja na Kifaransa chao, na ndicho kilichotawala mahakamani na kwenye makasri kwa vizazi kadhaa. Kufikia karne ya 13 neno limeshaandikwa kwa Kiingereza likiwa na maana ya mlinda lango. Huyu ndiye porter wa Oxford.

Njia ya pili ni ya kubeba. Kilatini portare ni kubeba. Mbebaji akawa portator, kwa Kifaransa cha kale porteor, na kufikia karne ya 14 Kiingereza kinamtumia kwa mtu wa mizigo. Huyu ndiye aliyefika Machame.

Yalikuwaje yakafanana? Kifaransa kilichozungumzwa Uingereza kiliyabana yote mawili hadi yakasikika karibu sawa, portour, na Kiingereza kikamalizia kazi. Uthibitisho mzuri ni kwamba Kifaransa cha leo bado kinayatenga: portier ni wa mlangoni, porteur ni wa mzigo. Kama una msikilizaji kutoka Burundi au Kongo, mwite apige simu aseme mwenyewe. Kihispania nacho kimeifuata njia ya mlango hadi uwanja wa mpira: portero ni bawabu, na ni golikipa pia. Waambie mashabiki wa Simba na Yanga hilo, hawatalisahau.

Wapo watakaokuambia kwamba porter ni mtu wa port, yaani bandari, kwa kuwa ndiko kwenye mizigo. Dhana hiyo ina mvuto lakini njia haikupita huko. Bandari kwa Kilatini ni portus, neno la tatu. Hata hivyo porta, portus na portare ni ndugu: inaaminika kwamba yote yametoka kwenye mzizi mmoja wenye nyota uliohusu kupita na kuvuka. Lango ni pa kupitia, bandari ni pa kuingilia, na kubeba ni kupitisha kitu kutoka hapa hadi pale. Neno la Kiingereza ford, kivuko cha mto cha kupita kwa miguu, limo kwenye ukoo huohuo. Kwa hiyo sema wazi: ni maneno mawili, na kwa mbali sana babu yao ni mmoja.

Kwa Moshi, mfano wa mlango unaoingia moyoni haraka ni wa Yohana 10. Katika Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611, mstari wa 3, anayemfungulia mchungaji wa kondoo ni porter. Katika Biblia ya Kiswahili ya Union ni bawabu. Wengi wamesikia mahubiri ya sura hiyo bila kujua kwamba neno wanalolisikia getini Marangu limo ndani yake, kwa maana nyingine kabisa.

Hatua ya tano: bia nyeusi, kwa kifupi

Mwanzoni mwa karne ya 18, London ilikuwa na wabebaji wa mizigo kwa maelfu, wengine wakivaa kibati cha utambulisho kilichowaruhusu kufanya kazi mjini. Bia nyeusi iliyotengenezwa kwa kimea kilichokaushwa hadi kuwa kahawia ilipendwa sana nao, na ikachukua jina lao. Ile kali zaidi iliitwa stout porter, porter yenye nguvu. Baadaye neno la pili likaachwa na ikabaki stout, ile inayouzwa hadi leo kwenye baa zetu. Dakika moja inatosha kwa habari hii. Kama kituo chako ni cha dini na hakitangazi pombe, iruke tu, kipindi hakitapungukiwa.

Hatua ya sita: tafuta watu walioishi ndani ya neno

Asili ya neno peke yake humchosha msikilizaji baada ya dakika chache. Anachotaka ni watu. Kwa neno hili, habari ya watu iliyo nzito kuliko zote iko Marekani, kwenye treni za kulala za kampuni ya Pullman.

Baada ya utumwa kufutwa, George Pullman aliajiri wanaume Weusi, wengi wao waliokuwa watumwa au watoto wa watumwa, kuhudumia abiria kwenye mabehewa yake. Kazi yao iliitwa porter. Walibeba mabegi, walitandika vitanda, walipiga viatu rangi, na malipo yao yalitegemea sana bakhshishi. Abiria wengi hawakujishughulisha kujua majina yao. Waliwaita wote "George", jina la mwenye kampuni, kama watumwa walivyokuwa wakiitwa kwa jina la bwana wao.

Mwaka 1925 wakaunda chama chao cha wafanyakazi, Brotherhood of Sleeping Car Porters, kikiongozwa na A. Philip Randolph. Kampuni ilipambana nao kwa miaka mingi, na mwaka 1937 ikatia saini mkataba. Randolph huyohuyo ndiye aliyeongoza maandamano ya Washington ya mwaka 1963, ambako Martin Luther King alihutubia. Na E. D. Nixon, aliyemdhamini Rosa Parks, mwanamke Mweusi aliyekamatwa mjini Montgomery mwaka 1955 kwa kukataa kumpisha Mzungu kiti kwenye basi, alikuwa porter wa treni za Pullman.

Usome sehemu hii polepole. Msikilizaji wa Moshi hahitaji kuelezwa kufanana kwake na mlimani. Anajua bakhshishi ni nini siku ya kushuka, na anajua uzito wa kuitwa "porter!" na mtu uliyelala naye kambi moja usiku mitano. Yeye mwenyewe ataunganisha. Kazi yako ni kusema tarehe na majina kwa usahihi, kisha kunyamaza kidogo.

Karibu na nyumbani pana habari nyingine ya kubeba inayostahili nafasi. Waingereza waliingia Moshi Machi 1916 wakipigana na Wajerumani, na jeshi lao lote la Afrika Mashariki lilitegemea vichwa na mabega ya Waafrika. Kikosi cha wabebaji kiliitwa Carrier Corps. Wengi mno walikufa kwa magonjwa, njaa na uchovu kuliko kwa risasi. Jina la kikosi hicho, likitamkwa na watu wa Dar es Salaam, likawa Kariakoo. Hapo neno si porter, lakini kazi ni ileile, na mtu anayekwenda kununua vitenge Kariakoo ana haki ya kujua anakanyaga jina la nani.

Hatua ya saba: ita ukoo mzima, na uwakatae wasiohusika

Sasa msikilizaji yuko tayari kugundua kwamba analijua neno hili kwa sura nyingine. Ripoti ni kubeba habari kuirudisha, na ripota ni mbebaji wa aina hiyo. Mtangazaji anayesoma kipindi hiki ana undugu wa kilugha na mpagazi wa njia ya Lemosho kule mlimani. Sapoti ni kubeba kutoka chini, na sapota wa timu ndiye anayeibeba. Ingiza na toa bidhaa, yaani import na export, ni kubeba kuingia na kubeba kutoka.

Mwenye kustaajabisha zaidi ni sport. Kifaransa cha kale kilikuwa na desporter, kujibeba ukaenda mbali na shughuli, yaani kujiburudisha. Kiingereza kikachukua disport, kisha kikakata mwanzo wake. Hapo weka Kiswahili pembeni yake: kupagaa ni kubeba mzigo begani, ndiko alikotoka mpagazi, na ndiko kulikotoka kupagawa. Mashabiki waliopagawa uwanjani wamechukuliwa. Lugha mbili zisizo na udugu zimeona jambo lilelile: mtu aliyesisimka amebebwa.

Kiswahili kina utajiri mwingine ambao usiuache. Tunaye mpagazi wa misafara, tunaye mchukuzi, tunaye hamali wa pwani ambaye jina lake ni la Kiarabu, na kwa mlangoni tunaye bawabu, naye kutoka Kiarabu, kutoka bab, mlango. Kiingereza kimewavisha watu hawa wote kofia moja. Sisi tumewaachia kila mtu yake, na naona tumefanya vizuri.

Kisha wakatae wasiohusika, kwa majina. Portion, sehemu au fungu, si wa ukoo huu. Portrait, picha ya mtu, naye si wake. Potter ni mfinyanzi, amefanana kwa sauti tu. Ureno, yaani Portugal, ina uhusiano na bandari, kwa sababu jina hilo limetoka Portus Cale, mji wa kale kwenye mdomo wa mto Douro. Pasipoti nayo hutajwa kwa kupita bandarini. Hao wawili ni watoto wa portus, waweke kwenye benchi la binamu.

Hatua ya nane: andika kwa ajili ya sikio

Msomaji anaweza kurudi nyuma, msikilizaji hawezi. Kwa hiyo kila neno la kigeni lisemwe mara mbili, na kati yake liwekwe kwa Kiswahili. Miaka isizidi mitano au sita katika kipindi kizima: 1066, 1925, 1937, 1963 zinatosha, na iliyobaki iwe "miaka mia saba iliyopita". Kilatini kisizidi maneno matatu. Usiseme "kama nilivyosema hapo juu", sikio halina juu wala chini.

Mwanzo wako uwe mahali, si ufafanuzi. Hivi, kwa mfano:

"Msikilizaji, asubuhi geti la Machame limejaa. Mzigo unapandishwa kwenye mizani, kijana anasubiri kusikia kilo ngapi. Mgeni anamwonyesha kidole na kusema: my porter. Neno hilo limesafiri kutoka Roma, likapita Ufaransa, likavuka maji hadi Uingereza, na leo limetua begani mwake. Tulifuate."

Matamshi yafanyie mazoezi. Mwingereza wa kusini anavuta o na hatamki r hata moja: pooota. Mmarekani anazisikilizisha r zote mbili. Ukiifupisha o, umemwita mtu mfinyanzi. Wapagazi wanaojiandaa kwa mtihani wa kuongoza wageni watakushukuru kwa sehemu hii kuliko kwa Kilatini chote.

Hatua ya tisa: rekodi na uhakiki

Simu ya kawaida inatosha. Tafuta chumba chenye godoro na nguo nyingi, tundika blanketi nyuma yako, simu iwe upana wa kiganja kutoka mdomoni na pembeni kidogo ili pumzi isiipige. Chini ya mabati wakati wa masika usijaribu kabisa, rekodi alfajiri kabla mvua haijaanza. Soma dakika moja, sikiliza kwa spika za masikioni, rekebisha, ndipo uendelee.

Kabla ya kurusha, wape watu wawili wasikilize: mmoja mwenye Kiingereza kizuri, mwingine mpagazi. Wa kwanza atakusahihisha matamshi. Wa pili muulize swali moja, kama kuna mahali amejisikia kudharauliwa. Akitaja sentensi, ifute hata kama ilikuwa nzuri. Na ukitaka kuweka sauti yake ndani ya kipindi akieleza kazi, mwombe ruhusa kabla hujawasha simu, mwambie itasikika wapi, na umuulize anataka atajwe kwa jina gani.

Hatua ya kumi: simu za wasikilizaji na siku ya kurusha

Jiandae kwa maswali. Atapiga mtu aseme pori limetoka kwenye porter kwa sababu wapagazi hupita porini. Mjibu kwa adabu kwamba pori ni letu, na umweleze kanuni: kufanana kwa sauti ni mwanzo wa kuuliza, na jibu hutoka kwenye maandishi ya zamani. Atapiga mwingine aulize kama ni tusi kumwita mtu porter. Si tusi. Ni jina la kazi halali, lakini mtu ana jina lake pia, na mgeni anayelijua analitumia. Swali usilolijua lichukue, lipe jibu kipindi kijacho.

Rusha mwishoni mwa Mei. Masika yanaisha, wapagazi wengi bado wako nyumbani kwa kuwa wageni ni wachache, na msimu wa Juni hadi Oktoba unakaribia. Saa mbili usiku ni nzuri, baada ya taarifa ya habari. Marudio yafanye Desemba, watu wanaporudi Uchagani kwa sikukuu na nyumba zimejaa wasikilizaji.